Kutangaza kwa Mama Mkwe

Miaka ile redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa nchini, mtangazaji wa kijiji chetu cha ziwani alikuwa mama mkwe wangu. Asubuhi alisimama sokoni na spika iliyounganishwa na betri ya gari, akatangaza kwa Kinyasa siku ya kliniki, msiba wa nani, mbuzi wa nani kapotea. Mimi nilifundisha shule ya msingi pale pale, na betri nilimbebea mimi.

Kisha shemeji yangu aliyefanya kazi Dar es Salaam akamletea kipaza sauti kisicho na waya. Mama alikipenda kuliko kanga zote alizowahi kuletewa. Sasa aliweza kutangaza huku akitembea katikati ya mafungu ya usipa, dagaa wa ziwa letu.

Siku moja akafika afisa kutoka wilayani. Alimwamkia shikamoo, halafu akasema, "Mama, kuna sheria ya utangazaji. Anayetangaza lazima awe na leseni. Tena vituo vinatakiwa kutumia Kiswahili au Kiingereza, si Kinyasa."

"Kutangaza tu?" mama aliuliza. "Basi na padri anayetangaza ndoa kanisani naye akakate leseni."

Watu walicheka. Afisa hakucheka. Alimwambia aache mpaka jambo hilo litakapoamuliwa, akaondoka.

Nyumbani nilimsihi tunyamaze. Mimi ni mwalimu wa serikali, nilisema, sitaki kugombana na serikali.

"Nani anagombana?" alijibu, mikono yake ikiendelea kumenya mihogo. "Nataka nioneshwe hilo neno lilipoandikwa."

Kulipokucha tulipanda lori la Mbinga, yeye mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia. Tulikwea milima mpaka masikio yakaziba.

Mwanasheria wa halmashauri alikuwa kijana mwenye subira. Sheria yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Alisoma kimoyomoyo, kisha akatueleza.

"Sheria huanza kwa kueleza maneno yake, mama. Neno likishaelezwa pale, ndani ya sheria ile linabeba maana hiyo, hata kama nyumbani kwako lina nyingine. Humu utangazaji si kupaza sauti. Ni kurusha sauti au picha kwa mawimbi ya redio, ili watu wote wenye vyombo wazipokee."

Nilishusha pumzi. "Kwa hiyo spika haimo."

"Spika haimo. Lakini sauti ya mama inafikaje kwenye spika? Kuna waya?"

Nilitamani aseme upo, turudi zetu.

"Hakuna," mama akasema. "Inapita hewani. Hata jirani yangu alinikamata kwenye redio yake, akaja mbio kuniambia."

Mwanasheria aliweka kalamu mezani. "Hapo afisa ana hoja."

Mama alitazama chini kidogo. Nilimwonea huruma, nilijua anafikiria zawadi ya mwanawe.

"Nikirudisha waya?"

"Hutakuwa unarusha kitu hewani. Hutakuwa kituo, na lugha ya vituo haitakuhusu. Sema Kinyasa upendavyo."

"Basi mwambie afisa wako hivyo hivyo, kwa mdomo wako."

Akaitwa, akaambiwa mbele yetu. Aliuliza maswali mawili matatu, akakubali, ila akasema atakuja kuhakikisha. Kabla ya kupanda lori mama aliingia dukani akanunua kipaza sauti cha kawaida na waya mrefu kuliko wote waliokuwa nao.

Afisa alikuja kweli siku ya soko, na redio ndogo mkononi. Mama akaanza kutangaza. Afisa akazungusha kitufe taratibu toka mwanzo hadi mwisho: mikwaruzo, muziki wa ng'ambo ya ziwa, mikwaruzo tena. Sauti ya mama haikuwemo.

"Sawa, mama," alisema. "Unaweza kuendelea."

Mama hakumsikia. Alikuwa ameshafika kwenye chanjo ya watoto, akiwataja kina mama wakaidi wa mtaa wetu mmoja mmoja, kwa Kinyasa.