Mahindi ya Sweet

Nikikumbuka siku ile, mwanangu, bado nasikia aibu. Leo nina matrekta mawili hapa eneo la Kwanza na hakuna mwalimu aliyenisukumia hata moja, lakini wakati huo nilikuwa kijana aliyeachia shule darasa la nne, mdomo wa digrii.

Mama alinituma Kitale ninunue mbegu ya shamba letu lote, chakula cha mwaka. Dukani kwa Bwana Harjit nikaona pakiti mpya imeandikwa "sweet". Si nalijua hilo neno? Switi, zile peremende, tulilamba utotoni. Msichana wa Tongaren aliniita sweet kwa barua, nikatembea wiki nzima kama jogoo. Nikajua haya ndiyo mahindi yanayoshinda yote.

Bwana Harjit akaniuliza, "Kijana, kwenu mnakula ugali?"

"Kwani wewe unakula nini?"

"Basi hii si yako. Uliza kwanza."

"Mzee, usinifundishe Kizungu. Sweet ni sweet."

Akanifungia mbegu.

Mahindi yakiwa mabichi, majirani walichemsha wakasifu, nami nikavimba. Yalipokauka, punje zilikunjamana kama ngozi ya kiazi kilichosahaulika. Mwenye mashine ya kusaga akazitazama kiganjani. "Haya ni ya kutafuna, bana. Ati ulipanda peremende?" Gunia zima likatoa unga kidogo, hata ugali wenyewe haukushikana.

Mama hakunigombeza. Alijifunga leso akaenda Mabanga kwa kaka yake kuomba mahindi, mimi nyuma na magunia matupu. Nikamsimulia mjomba yote ya dukani, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kukosa shule si kosa," akasema. "Lakini mtu amekuuliza kama mnakula ugali, na wewe ukaona anakutukana?"

Sasa nawaona nyinyi vijana, na nachoka kabisa. Mtu anaeleza, mnaitikia "sawa, sawa", na hamjaelewa kitu. Sweet ni switi, ni mpenzi, ni maji yasiyo na chumvi, ni mtoto mpole, na kumbe ni mahindi yasiyosagika! Neno halina aibu ya kubadilisha nguo. Wewe ndiye utaachwa uchi.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ukikutana na neno unalodhani unalijua, uliza linafanya kazi gani hapo, hata kama anayejua ni mdogo kwako. Uliza kabla mama yako hajaenda kuomba.

Mungu akupe masikio mapana, na nyumba yako isilale njaa kwa sababu ya kiburi chako.