Bi Katikati na Ukuta wa Elementi

Shangazi yangu ni fundi wa kuandika mabango, na mtaani wanamwita Bi Katikati. Hawezi kuandika neno ukutani kabla hajapima katikati ni wapi. Ukienda kwake kunywa chai atakusogezea kikombe mpaka kikae sawa na sahani, na usimuulize kwa nini, maana utapewa somo. Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, na simu yake hailii kama zamani. Nilipomwombea kazi ya kuchora jedwali la elementi kwenye ukuta wa maabara ninayofundishia kemia, alikubali kabla sijamaliza kusema.

"Hii ndiyo itaniambia kama bado nimo," akasema. "Ikikubalika, naendelea. Ikikataliwa, ngazi yangu naigawa."

Ijumaa nikamwachia mchoro wa kufuatisha, nikaenda zangu. Kosa langu, sikatai. Jumatatu nilipofungua mlango wa maabara nilibaki nimeshika kitasa. Herufi zilikuwa safi na mistari imenyooka. Ila mistari mitatu ya juu, ambayo huwa na pengo kubwa kati ya kushoto na kulia, shangazi alikuwa ameiziba pengo na kuvuta masanduku yote katikati. Jedwali lilisimama kama keki ya ghorofa, haidrojeni na heliamu kileleni, bega kwa bega.

"Ule mchoro wako ulikuwa umekaa vibaya," akasema huku akifuta brashi. "Nimekurekebishia."

Nilitaka kucheka, nikataka na kulia. Mkuu wa shule alishasema: wazazi wanakuja Ijumaa ya wiki hiyo, na likionekana kosa lolote, ukuta unapakwa rangi nyeupe na juu yake linabandikwa bango la mashine. Sasa utamwambiaje shangazi aliyekulea kwamba kazi nzuri namna ile imekosewa? Nikaanza kuzunguka, mara joto la leo, mara harufu ya rangi.

"Sema," akanikata. "Unanizungusha kama seremala aliyechelewesha kitanda cha watu."

Nikasema. Namba zinapanda moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, na kila namba ni hesabu ya protoni zilizo ndani ya atomu moja. Mstari ukiisha unashuka chini na kuanza tena kushoto. Wanaoangukia safu moja, kutoka juu hadi chini, ni ndugu, tabia zao zinafanana.

"Sasa wewe umemtenga sodiamu na ndugu yake potasiamu, ukamkalisha juu ya kromiamu. Hao hawajuani hata kwa salamu."

Nilijua nimemuumiza, na mimi roho ikaniuma. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta wote, kisha akasema, "Kumbe ni kabati langu la rangi."

Kabati lenyewe nalijua tangu utotoni. Mstari wa juu ni makopo madogo, chini yake makubwa zaidi. Safu za kushoto ni rangi za kuzimuliwa kwa maji, za kulia kwa tina, za katikati kwa spiriti. Za spiriti haziuzwi kwenye kopo dogo, kwa hiyo pale juu katikati pako wazi, na ole wako uweke hata glasi hapo.

"Kwa hiyo hapa katikati hapana mtu," akasema.

"Hapana, shangazi. Familia za hapo zinaanzia mstari wa nne."

"Na huyu sodiamu akikutana na maji?"

"Anachachamaa, anaweza hata kuwaka."

Akamnyooshea brashi potasiamu. "Basi na huyu hapatani na maji."

Nilifurahi jamani. Wanafunzi wangu, kufika hapo, walinichukua muhula mzima.

Alikataa msaada. Alifuta masanduku kumi na manane, akayapima upya na kuyaandika moja moja.

Alhamisi akaja mkuu wa shule na kitabu mkononi. "Mama, mbona hapa katikati patupu? Si uweke nembo ya shule."

Mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kuvumilia pengo ukutani akashuka ngazi polepole. "Mwalimu mkuu, hapo hapana mtu, na hapawekwi mtu. Hiyo nembo ni ya familia gani?"

Mkuu akanitazama, mimi nikatazama dirisha. Akacheka, akafungua kitabu, akalinganisha sanduku kwa sanduku mpaka la mwisho.

"Ukuta unabaki," akasema.

Shangazi akanigeukia mimi. "Na hawa wameisha?"

"Mstari wa saba umejaa. Akipatikana mwingine, wa mia moja na kumi na tisa, tunategemea aanze mstari mpya, huku kushoto."

Akachukua penseli na rula, akainama chini ya fransiamu, wa kwanza kushoto kwenye mstari huo wa saba, akachora sanduku tupu, jepesi, hulioni mpaka usogee.

"Na huyo akija, nani atamwandika?" mkuu akauliza.

"Mimi. Nishampimia."

Kisha akaniamuru nibebe ngazi mpaka nyumbani kwake, taratibu, nisiigonge mahali, maana bado ana kazi nayo.