Rudi Ndani, Utoke Tena

Ting, ting, halafu kimya kidogo, halafu ting moja ya mwisho, ya kukemea.

Hicho ni kijiko cha chai kikigongwa kwenye nondo za dirisha la ghorofani, na maana yake ilikuwa moja tu: Bibi ananitaka. Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu wa juu. Mimi na mama tulikaa chini, katika nyumba moja ya zamani huku Mji Mkongwe, yenye kuta nene na ngazi za mbao zilizosimama wima kama mnazi. Magoti ya Bibi yalikuwa yameshagombana na ngazi hizo siku nyingi, basi alikuwa hashuki. Kilichokuwa kikishuka ni kikapu.

Kikapu cha ukili, kimefungwa kamba, kinateremka taratibu huku kinazunguka, na maagizo yanakitangulia.

"Tungule mbili za mchuzi, ziwe ngumu! Na mkate wa boflo, usiniletee wa jana!"

Mimi natoka mbio mpaka dukani, nakuja kukijaza kikapu, yeye anakivuta juu, na kabla sijaingia ndani nasikia, "Tungule hizi umezichuma makaburini?"

Nilimpenda, lakini alinichosha. Nikikaa kula, ting. Mimi na mama tunapika sambusa za kupeleka kwenye migahawa ya chai, na nikianza tu kusukuma manda, ting. Shule niliishia kidato cha pili, ila kichwani mwangu nina duka langu la keki, lina kioo mbele na feni inayozunguka polepole. Mara ngapi kijiko kile kimenikuta nimo dukani mwangu nampimia bibi harusi keki ya ghorofa tatu, nikaamka nimeshika mchi wa kusukumia!

Kuna asubuhi moja mambo yote yaliharibika kwa pamoja. Mfereji wa maji jikoni tangu juzi ulikuwa unatoa pumzi tu. Umeme ukakatika nyama ikiwa katikati ya mashine, nusu imesagika nusu bado. Mafuta yakaniruka mkononi. Nikawa napuliza kiganja, machozi yananilengalenga, nikasikia ting, ting, halafu ile ya kukemea.

Nikatoka uchochoroni. "Naam!" Naam yenyewe ilitoka kama mlango uliopigwa na upepo.

Kikapu kilikuwa kimeshafika nusu ya ukuta. Kikasimama. Kikaanza kurudi juu.

"Bibi, vipi tena?"

"Sauti hiyo mimi siitumi sokoni."

"Sauti gani?"

"Hiyo uliyokuja nayo. Nataka papai, na sauti hiyo itaniletea papai chungu."

"Bibi, papai ni papai!"

"Rudi ndani, utoke tena."

Nilitazama juu. Nilichokiona ni kidevu chake na pindo la kanga. Muuza kahawa aliyekuwa barazani mbele yetu akatikisa vikombe vyake. "Rudi, mwanakwetu, usituharibie papai."

Nikarudi nimevimba. Mama akaniuliza, "Umesahau nini?"

"Sauti," nikamwambia.

Alipoelewa alicheka mpaka akaegemea ukuta, chokaa ikambakia mgongoni kama ramani. Nami nikimwangalia vile, sijui ilitokea wapi, nikacheka. Nikatoka tena. Ting. "Naam, Bibi!" Kikapu kikashuka.

Papai lenyewe, nisiseme uongo, lilikuwa la maji maji tu. Bibi akala, akapiga kelele kutoka dirishani kwamba ni asali, na kwamba sifa ni zake.

Tangu siku ile ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mfereji ukikohoa hewa, natoka jikoni, nasimama kidogo, naingia tena. "Shikamoo, mfereji." Haukuniitikia marahaba hata siku moja, wala maji hayakuja kwa ajili hiyo. Lakini nikibeba ndoo kwenda kuomba kwa jirani mwenye tangi, nilikuwa naenda nimeshacheka, na ndoo ya mtu aliyecheka naiona nyepesi. Labda ni mimi tu. Hata mama alinogewa. Siku moja mgahawa ulimrudishia sambusa zake, eti zimechelewa na wateja washaondoka. Akaingia nazo, akaziweka mezani, akatoka nje akafunga mlango. Nikadhani anakwenda kulia. Mara nasikia, "Hodi!"

"Karibu," nikajibu.

Akaingia kama mgeni nyumbani kwake, akakaa, akasema, "Nimesikia nyumba hii leo kuna sambusa nyingi." Tukala sisi, na nyingine nikazitia katika kikapu cha juu.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima, anakaa Mtoni kwenye nyumba ya chini yenye uwanja. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kumsihi.

"Mama, twende kwangu. Ngazi hizi zitakuua."

"Kwani nashuka mimi? Kinashuka kikapu."

Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kupitia dari yetu. Bibi aliletwa nyumba hiyo akiwa bibi harusi. Dirisha lile ndilo lilikuwa mji wake. Alijua nani kapita na kanga mpya, nani kanuniana na nani. Aliniambia akihamishwa atakuwa mzigo uliowekwa pembeni, watu wanauruka wakipita. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kubaki dirishani pake. Nami nilimwahidi mwanawe kwamba madhali nipo, kijiko hakitagonga bure.

Ikaja masika. Mvua ilipiga mpaka boriti moja juu ya kitanda chake ikapasuka, chokaa ikamwagikia mto. Fundi akaja, akatazama juu, akatingisha kichwa. Paa lazima lifunguliwe, akasema, na humu halali mtu. Lini litafungwa hakusema. Hapo hata Bibi alianza kukunja kanga zake.

Siku ya kuondoka walimkalisha kwenye kiti ili wamteremshe, mwanawe mbele na majirani wawili nyuma. Mimi nilisimama chini ya ngazi nimekumbatia kikapu. Walipotokeza tu mlangoni kwake, Bibi akaanza.

"Nitupeni! Mmeshachoka na mimi, nitupeni tu! Nipelekeni mkanifukie huko huko Mtoni!"

 Nilimwona mwanawe macho yamemwiva, na ngazi ndiyo kwanza ya pili. Nikamwonea huruma yeye, nikamwonea huruma Bibi. Nikawaza, ikiwa wataachana na nyumba hii kwa maneno haya, ndiyo watakayokwenda kukaa nayo Mtoni. Ujasiri sijui niliutoa wapi.

"Bibi! Sauti hiyo huku chini siipokei."

Kiti kikasimama.

"Umesemaje?"

"Rudi ndani, utoke tena."

"Dada, tafadhali," mwanawe akasema, anahema. "Tushaanza kushuka."

"Nirudisheni," akasema Bibi.

"Mama!"

"Nirudisheni, hamkusikia? Mtoto kasema kweli."

Wakamrudisha. Mlango ukafungwa. Sisi sote tukangoja, jasho linawatoka wabebaji, mama kashika mdomo kwa upindo wa mtandio. Ndani nilisikia kilio, si kikubwa, kilio cha mtu anayefuta uso huku analia.  Kisha ting, ting, na ile moja ya kukemea.

"Naam, Bibi!"

Mlango ulipofunguliwa alikuwa kajitanda kanga upya, kichwa juu.

"Haya wabebaji! Bibi harusi anashuka. Atakayenidondosha hali pilau."

Mama akapiga kigelegele pale pale. Bibi alishuka ngazi zote mkono wake mmoja uko begani kwa mwanawe, anamwambia, "Taratibu, baba, taratibu, hakuna anayekukimbiza." Alipofika chini akatazama mlango wetu, ambao hakuwa ameuona miaka mingi. "Kumbe mmeupaka rangi mbaya hivi!" Akachukua kikapu chake mikononi mwangu, akanibusu kiganjani, wakaondoka.

Siku hizi nakwenda Mtoni kumtembelea. Dirisha la huko liko chini, watoto wa jirani wanampa vitu mkononi, naye analalamika kwamba wanafika haraka mno.

Lakini siku ile, walipokwisha kwenda, nilipanda juu peke yangu kufunika kitanda kwa nailoni. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokijua. Juu ya kizingiti cha dirisha alikuwa kaacha kijiko. Nikakichukua, nikagonga nondo, ting, ting, na ile moja. Nikaitika, "Naam." Ilitoka sauti ya mtu anayetaka kulia.

Nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama ngazini, nikafuta macho. Kisha nikaingia tena, nikagonga upya, nikaitika.