Siku Niliyomnyanyua Mama Mkwe Juu ya Lori la Pamba

Jamani, kuna watu wanaaibika wakiwa peke yao, wanajipangusa vumbi na kuendelea na safari, na hao mimi nawaita wenye bahati. Yangu niliipata mchana kweupe, juu ya lori, mbele ya watu wa Musoma na Bunda waliojazana kutazama mpira, na niliyeaibika naye alikuwa mama mkwe. Tena mkwe mtarajiwa, mahari yenyewe ilikuwa bado haijatajwa hata ng'ombe mmoja. Mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea, hata watoto wangu wananichekaga.

Mwaka ule Bunda nzima tulikuwa tunaumwa mpira. Timu ilikuwa Wachambuzi, timu ya kiwanda cha kuchambua pamba nilichokuwa nafanyia kazi, na wachezaji walikuwa waajiriwa kama sisi, ila sisi tulitoka kazini na manyoya ya pamba masikioni, wao wakatoka na mpira kwapani, na hakuna aliyelalamika. Mshambuliaji wetu tulimwita Sindano kwa wembamba wake. Kwa cheo alikuwa fundi mitambo, lakini sijawahi kumwona ameshika spana (na mitambo ilishukuru, nadhani). Msimu ulianza vibaya, tukafungwa nyumbani kwetu mechi ya kwanza, mpaka balozi wetu wa nyumba kumi akauliza kwenye kikao kama kiwanda kimeajiri wachezaji au kimekaribisha wageni. Baada ya hapo sijui walilishwa nini. Wakawafunga wa Tarime, wakawafunga wa Serengeti, wakafunga kila aliyesimama mbele yao, mpaka ikabaki mechi moja tu, na timu ya Musoma mjini, kwao, siku ya Jumamosi. Wenzetu sare iliwatosha kuchukua ubingwa wa mkoa. Sisi ilikuwa lazima tushinde.

Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo wazee walikuwa wamepanga kunipeleka ukweni kuzungumza mahari ya Nyamisi.

Nyamisi nilikuwa nampenda, hilo liandikeni. Kwao ni karibu na njia panda ya kwenda Butiama, na baba yake, Mzee Wambura, alikuwa mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, mtu ambaye ukimkosea mara moja binti unamsahau. Lakini kwetu kijana kwenye mazungumzo ya mahari hana kazi yoyote. Anakaa karibu na mlango, anainamisha kichwa, kila jambo anasemewa na msemaji wake, na msemaji wangu alikuwa baba mdogo Masatu. Sasa mimi nikajiuliza (na hapo ndipo shetani alipovuta kiti), kama kazi yangu ni kuinamisha kichwa tu, si naweza kukiinamisha hata Jumamosi nyingine?

Basi Ijumaa jioni nikajifunika blanketi, nikatetemeka vizuri kabisa. Baba mdogo alipokuja akanishika shingo, akanionea huruma, akasema malaria haina adabu, tulale kwanza, asubuhi tutaona kama safari ipo. Alfajiri nikaruka kwenye lori la kiwanda pamoja na mashabiki wenzangu, huyo Musoma. Jirani yangu Juma, fundi cherehani, nilimwachia kazi ndogo tu ya kusema sipo.

Juma ni rafiki mzuri, tatizo lake anapenda kazi ya ziada. Baba mdogo alipofika asubuhi na dawa zake za mwarobaini akakuta kitanda kitupu, Juma akamwambia kijana alizidiwa, lori la kiwanda limemkimbiza hospitali Musoma. Baba mdogo wa watu akachanganyikiwa, akakimbia stendi, akampa ujumbe utingo wa basi ashuke njia panda awaambie wakwe kwamba mazungumzo hayapo, bwana harusi yuko hoi hospitalini. Utingo akafikisha ujumbe vilevile, labda na chumvi kidogo. Mimi wakati huo niko uwanjani nimefunga kitambaa kichwani, naimba.

Kule ukweni wazee walikuwa wameshafika, pombe imeshaiva, Mzee Wambura ameshavaa koti. Mama Nyamisi aliposikia habari zangu hakukaa. Alipika uji wa ulezi haraka, akautia sukari, na mkumbuke sukari ya wakati ule, unapanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri na unaweza kurudi na mfuko mtupu. Aliitia yote kwenye uji wa mgonjwa ambaye ni mimi. Nikiikumbuka ile sukari mpaka leo roho inaniuma kuliko hata kile kilichofuata.

Akapanda basi na chungu chake mpaka Musoma, akazunguka wodi zote za wanaume, hakuniona. Mlinzi wa hospitali akamwambia kama anatafuta usafiri wa kurudi, lori la kiwanda cha Bunda liko uwanjani, mpira ukiisha litaondoka, na njia panda ni njiani. Basi mama akaenda, akamwomba dereva, akapandishwa kwenye bodi, akasimama kwenye kona na chungu chake kifuani, khanga ameivuta mpaka usoni kwa sababu ya jua na vumbi.

Mimi kipindi cha kwanza nilitazama nikiwa chini, kwenye kamba. Hatukufungana. Kipindi cha pili watu wakazidi kujazana, mbele yangu akasimama bwana mmoja mwenye kofia pana, nikawa naona mpira ukienda juu tu, ukishuka sijui unamfikia nani. Nikaona upuuzi, nikaenda kupanda lori letu lililoegeshwa nyuma ya goli. Juu tulikuwa tumebanana, nikajipenyeza mpaka kwenye kona, nikasimama karibu na mama mmoja mwenye khanga ambaye hata sikumtazama. (Nani anatazama khanga timu yake inahitaji goli?)

Mpira ukawa unaelekea kuisha. Watu wa mjini wameshaanza kuimba nyimbo za ubingwa, mwenyekiti wa timu yetu amekaa chini ameshika tama, nami nimeshaanza kuhesabu maneno nitakayoambiwa mtaani kwetu Manyamanyama. Beki wetu akabutua mpira ovyo tu, wa kuondoa lawama, ukadunda, Sindano akaukuta, akampita mmoja, akampita wa pili, akapiga. Nikaona nyavu zinacheza.

Sijui nini kilinipata. Nilimkamata jirani yangu kiunoni, nikamnyanyua juu, nikamzungusha, namwambia sikioni, bingwa, bingwa, sisi ndio bingwa, na nilipokuwa namzungusha nikahisi kitu cha uvuguvugu kinanimwagikia kichwani na kushuka mgongoni. Uji. Khanga ikaanguka. Nikaona uso.

Ngoja niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu mama mkwe humtazami machoni, humpi mkono, ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Kumgusa ni mwiko, na ukimgusa lazima achinjwe mbuzi wa kusafisha, na kabla mbuzi hajachinjwa hakuna mahari wala harusi. Hiyo ni kumgusa kwa kidole, kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nimembeba.

Uwanja mzima unapiga kelele, lakini juu ya lori watu wameshika midomo, maana nusu ya waliokuwa humo walikuwa wa Manyamanyama na walijua fika mimi ni nani na yule mama ni nani. Nilimshusha polepole, kama mtu anayerudisha chungu cha wenyewe. Ulezi unatutiririka wote wawili, na bodi la lori lilikuwa limejaa mabaki ya pamba, kwa hiyo manyoya yakaanza kutuganda mikononi na usoni kama vifaranga. Akajifuta jicho, akaangalia pembeni kama desturi inavyotaka, akasema taratibu, "Baba, kumbe umepona."

Nikajibu, "Nimepona, mama." Ningekuwa na akili ningeruka chini nikavunjika mguu, angalau niende hospitali kweli.

Refa akamaliza mpira, tukawa mabingwa wa mkoa, na mimi ndiye bingwa pekee aliyekuwa analia bila furaha. Sasa ikaja shida ya kurudi. Mimi na mama hatuwezi tena kukaa bodi moja, na yeye hawezi kuachwa Musoma. Mwenyekiti wa timu akaamua nikae mbele, kati yake na dereva, na kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo kombe likawekwa mapajani kwangu. Kuanzia Buhare kwenda mbele watu walisimama barabarani kupungia, wakiniona nimekumbatia kombe wananishangilia mimi, na kutoka nyuma wenzangu wanawajibu kwa wimbo mpya waliokuwa wameshautunga. Sitautaja, ulikuwa na neno mkwe kila mstari.

Njia panda ya Butiama palikuwa pamejaa, ngoma zinalia. Mbele ya wote amesimama Mzee Wambura na koti lake la kikao. Akaniona mimi na kombe, nina manyoya ya pamba mpaka kwenye nyusi. Halafu akamwona mkewe anashuka kule nyuma na chungu kitupu, naye ana manyoya yaleyale. Alitutazama kwa zamu. Akaniuliza swali moja tu, kama tumeshinda, nikasema tumeshinda, akageuka akaenda zake nyumbani.

Wiki ile nilijua Nyamisi nimeshampoteza. Baba mdogo hakusema nami, alikuwa ananipitia dirishani kama chumba hakina mpangaji. Kazini sikula. Jumamosi iliyofuata tukaenda na mbuzi, wazee wakachinja wakasafisha kilichopaswa kusafishwa, mimi nikakaa karibu na mlango na kichwa changu nikakiinamisha mpaka kidevu kikagusa kifua. Tukangoja hukumu. Mzee Wambura akakohoa.

"Mbuzi nimempokea," akasema. "Hilo la mama limeisha. Sasa kuna langu mimi. Mimi nilikuwaga na siku moja tu ya kwenda kuona Wachambuzi, nikaikataa, nikakaa hapa na koti, nawasubiria ninyi. Goli nalisikia kwa watu. Huyo kijana wenu alikuwepo. Aseme lilifungwaje."

Baba mdogo akakumbusha kwa heshima kwamba kijana hasemi kikaoni. Mzee akajibu basi asemewe. Nikawa namnong'oneza baba mdogo sikioni, naye anasimama anatangaza, na baba mdogo maisha yake yote hajawahi kutazama mpira. Nikamwambia beki alibutua, yeye akawatangazia wazee kwamba beki alimpiga mtu. Nikamwambia Sindano aliwapita wawili, akasema waliachana njiani kwa amani. Alipofika mahali kipa wetu ndiye anayefunga, Mzee Wambura alishika kichwa.

"Masatu, kaa chini," akasema. "Kijana, simama."

Nikasimama. Nikapanga vigoda kuwa mabeki, kibuyu kikawa kipa, nikaanza. Mwanzo sauti ilikuwa ndogo, lakini mnaujua mpira, nilipofika kwenye kubutua nilishajisahau, nawapita wazee kushoto na kulia, na wazee wenyewe wameacha mirija ya pombe wamesogea. Nikawaambia, hapo sasa Sindano akauweka mguu wa kulia.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mwanamke, taratibu kabisa. "Ilikuwa mguu wa kushoto."

Kikao kizima kikageukia jikoni. Kumbe mama wa watu pale kwenye kona ya lori alikuwa anatazama mpira, tena kuliko mimi. Mzee Wambura alicheka mpaka akavua koti, na mtu akishavua koti kikaoni, mahari inazungumzika. Nyamisi nilipewa, ingawa ng'ombe mmoja waliongeza juu, wakasema ni wa kiingilio cha uwanjani.

Msimu uliofuata Wachambuzi wakayumba. Ilipobaki mechi moja ya kuokoa jahazi, kamati nzima ya timu ikaja nyumbani kwangu wamevaa vizuri, wamekaa kwa adabu, wakazunguka weee, mwishowe wakaomba kama inawezekana nimnyanyue tena mkwe, mara moja tu, kwa faida ya mkoa. Niliwafukuza na fagio. Wakaona haitoshi, wakaenda kwa mama mwenyewe. Mama akawajibu kwamba yeye yuko tayari, ila mbuzi safari hii atolewe na kiwanda.

Wachambuzi wakafungwa, na wapo watu Bunda ambao mpaka leo wanasema ni kwa sababu yangu. Waseme. Mimi niliapa siku ileile na sijavunja: nikiumwa, ninaumwa kweli, nikienda mpirani, naaga nyumba nzima, na goli likifungwa, hata liwe la ubingwa wa dunia, mikono yangu naitia mfukoni kwanza, halafu ndiyo nafurahi.