Shikamoo Kabla ya Saa Nne

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Asubuhi ile, kwenye steshenari moja pale Maili Moja, Kibaha, zilikuwa zimenipanda hata kabla sijanywa chai.

Zabuni ilikuwa ya kujenga madarasa Kurui, kijijini kwetu Kisarawe. Mwisho ni saa nne kamili, na mfumo wa zabuni wa mtandaoni hauna cha kubembelezwa. Ikifika saa nne unajifunga. Baba yangu ni fundi mwashi. Shule nyingi za upande ule kaziinua kwa mikono yake, ila kwenye vibao yameandikwa majina ya kampuni za watu. Safari hii tulikuwa na kampuni yetu, ndogo, yeye mkurugenzi, mimi mengine yote. Kushinda ni majaliwa. Nilichotaka ni jina letu liingie, walau mara moja, kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Kwanza mfumo ukakataa viambatisho, eti faili zito. Nikalipunguza. Ukazungusha kile kiduara chake weee, mwisho ukanitoa nje. Nikaanza upya, nikipandisha karatasi moja moja huku nasonya, hadi dada mwenye duka akaniletea maji. Hatimaye zote zikakubali. Ikabaki hatua moja: namba za siri za kuthibitisha, ambazo hutumwa kwenye simu ya mkurugenzi.

Nikampigia Baba. "Baba, nisomee hizo namba zilizoingia sasa hivi."

Akasema taratibu, "Mwizi mkubwa we," akakata.

Kumbe nilimfundisha mwenyewe! Jirani yake alipotapeliwa kwa simu, nilimkalisha Baba nikamwambia namba za siri asimtajie mtu, hata mtu huyo akijidai ni mimi. Nikapiga tena, hakupokea. Nikapiga tena. Alipopokea nikaanza kujieleza mbio mbio, zabuni, mfumo, saa nne, akanikatiza.

"Mwanangu hanipigii bila kunisalimia."

Aibu ikanishika. Nikavuta pumzi. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

Hapo sasa hakuna njia ya mkato. Tumeamka salama, watoto hawajambo, Kibaha mvua imegusa tu. Nikamuuliza mgongo wa mama, mbuzi aliyezaa, mihogo. Macho yangu yapo kwenye saa ya kompyuta, sauti naitembeza kama sina haraka yoyote duniani. Namba zile zikaisha muda wake tukiwa bado kwenye mihogo. Nikamwomba akate asubiri nyingine. Zilipoingia akanipigia mwenyewe, akazitaja moja moja, na kila moja alitaka niirudie.

Nikabonyeza. Mfumo ukasema zabuni imepokelewa, na saa nne ilikuwa bado haijagonga. Ndipo nikaomba kiti, nikakaa.

Zabuni zilipofunguliwa, majina ya walioomba yakatokea kwenye kioo. Nikampigia Baba, nikamsalimia vizuri mpaka mwisho, ndipo nikaanza kumsomea. Zile kampuni kubwa za mjini alizijua zote, amezibebea matofali. Nilipofika kwenye yetu akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Nikamsikia anamwita mama aache jiko aje, akaiweka simu kwenye spika.

"Haya, mwanangu. Rudia tena."