Ndakala Niliowakataa

Nina hasira za karibu, na sijawahi kuzificha. Wanafunzi wangu wa hesabu hapa Kalemie wanajua: ukiniletea zawadi wiki ya mitihani, unarudi nayo nyumbani na maneno juu yake. Nimefanya kazi na walimu waliouza pointi kwa kuku, kwa kitenge, kwa mafuta ya mawese, huku wakicheka kwamba mkono mtupu haulambwi. Niliapa kwamba wangu utabaki mtupu.

Kwa hiyo tulipoanzisha blogu yetu ya masomo, walimu watatu tu, nilitoa sharti langu mapema: bure, na bure maana yake bure. Mmoja anaandika kemia, mwingine Kifaransa, mimi hesabu. Tunaandika tukishatoka kazini, ili mtu aliyeacha shule kwa kukosa minerval, yaani karo, aweze kusoma kwenye simu yake. Lakini mahali pa kuweka masomo kwenye mtandao panalipiwa kila mwaka, na mega za intaneti za kuyapandisha zinanunuliwa kila wiki. Tulitoa mifukoni mwetu. Mwenzetu wa kemia alipohamishiwa Kabalo aliendelea kututumia masomo, ila mfuko wake uliishia kwenye shida za kuhama. Wasomaji wetu sikuwaambia neno. Kuomba niliona aibu.

Siku moja sokoni, mama ninayenunua kwake ndakala wakavu, wale dagaa wa ziwani, alinishika mkono. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya bei. Akafunga ndakala wengi kwenye gazeti, wale weupe wa Zongwe wasio na mchanga, akaniwekea kikapuni.

"Mama Mwalimu, chukua. Hii si ya kuuza."

"Ya nini?"

"Ya masomo. Niko nasoma kwako kwenye telefone, picha yako iko pale. Mwaka huu nitafanya mutihani ya Leta."

Alikuwa anamaanisha mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na alikuwa amejiandikisha peke yake, bila shule. Ningepaswa kumkumbatia. Badala yake nilisikia "chukua" na "mutihani" yakifuatana, damu ikanipanda. Nikalitoa furushi kikapuni, nikalirudisha juu ya meza yake, nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza muhogo: "Mimi sipokei kitu cha wanafunzi!" Nikaenda zangu, kichwa juu, nikijiona mtakatifu.

Jumapili baada ya misa akaja nyumbani kwangu. Kiti alikikataa.

"Mama Mwalimu, ulinirudishia samaki mbele ya watu. Sasa wanasema samaki yangu iko mubaya, ao miye njo mubaya."

Nikajitetea kwamba nachukia walimu wanaouza pointi.

"Pointi gani? Weye njo utasahihisha mutihani yangu?" Sauti yake haikupanda, na hilo liliniumiza zaidi. "Miaka mbili niko nachota kwako. Nakuletea kidogo, unakatala. Kwako weye, miye ni muntu wa kupokea tu?"



Akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao. Nilidhani ni samaki tena. Ilikuwa sketi ya bluu, mpya, bado ina nyuzi za fundi pindoni. Siku ya mtihani kila mtu anavaa bluu na nyeupe, hata mama wa watoto wanne kama yeye. Akaipima kiunoni juu ya kitenge chake.

"Ilikuwa chini ya meza ile siku," alisema. "Nilitaka nikuonyeshe."

Niliona aibu ya kweli, si ile yangu ya kiburi. Nikamwomba msamaha, kisha nikamwambia nililokuwa nalificha: malipo ya mwaka yanafika, hatuna kitu, na tusipolipa blogu itafungwa kabla ya mtihani wake.

"Na unakatala samaki!" Sasa ndipo alipokasirika. "Wenye kusoma umewaambia?"

"Bado."

"Basi watajuaje?"

Kesho yake nilikwenda sokoni saa ambayo kumejaa, nikasimama mbele ya meza yake, nikadai furushi langu kwa sauti ileile niliyolikatalia. Alifunga ndakala taratibu, ili kila mtu aone, akaongeza konzi moja juu iwe matabishi, nyongeza ya mteja. Majirani zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilipokea kwa mikono miwili.

Nanyi mnaosoma blogu yetu ninawaomba vivyo hivyo, kwa mdomo wangu. Masomo yatabaki bure kwa asiye nacho. Hapo sisogei, na pointi haziuzwi hapa. Lakini mwenye chochote sitamnyima tena kutoa. Namna ya kutuma iko chini ya kila somo. Hata mega za siku moja zinatosha kupandisha ukurasa mzima wa kemia. Nitaomba mwezi huu, nitaomba na ujao, mpaka mnichoke, na mkinichoka nitaomba tena, maana kichwa changu ni kigumu na mnakijua.

Yule mama amebakiza masomo kumi na moja ya hesabu. Sketi imekwisha kushonwa.