Kamba ya Upande wa Kichwani

Mzee alipofariki, kamati iliundwa siku hiyo hiyo. Ndivyo tulivyo sisi Waafrika Mashariki wa Stockholm: msiba ukitokea, mmoja anakuwa mwenyekiti, mwingine katibu, wa tatu anafungua kundi la WhatsApp. Kesho yake orodha ikaingia kwenye simu. Wabebaji wa jeneza, wanaume sita. Jikoni, wanawake kumi na mmoja. Chini kabisa pakaandikwa “Wengineo”, na huko ndiko nilikowekwa mimi, pamoja na watoto na jirani mmoja Mswidi.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mwenyekiti hakuwa mbaya, alikuwa anakwepa lawama tu. Kuniweka jikoni aliona aibu, na kuniweka kwa wanaume aliogopa maneno. Lakini mtu aliyekuwa anazikwa ni mzee wangu mimi.

Nilifika nyumbani kwake Tumba, kitongoji cha Stockholm, nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi mgeni, na wakati huo watu wote waliniita msichana. Yeye na mkewe, ninayemwita anti, hawakujaliwa mtoto. Walinipa chumba kwa muda wa wiki mbili, nikakaa miaka mitatu. Baadaye, nilipoanza kutumia homoni za kiume, nilikwenda kuwaambia mwenyewe kabla Tumba nzima haijanitangulia. Anti aliinuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mzee akasema, “Haya. Jumamosi njoo tufunge matairi ya theluji, baridi inakuja.”

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniita kwenye matairi. Jumamosi ile alinipa spana pale maegeshoni, akanionyesha namna ya kukaza nati, na hatukulizungumzia tena jambo langu. Hakukuwa na haja.

Anti yeye aliacha kuniita jina lolote. Chakula alinitumia, tena cha kushiba, lakini kwa mkono wa mzee. Nikija, alikuwa na shughuli chumbani.

Nisije nikasema nilikuwa peke yangu. Kila Alhamisi nilikwenda Akalla, upande wa pili wa jiji, kwenye kikundi cha watu wanaopita njia kama yangu. Wao ndio walionifundisha kusubiri miadi ya kliniki bila kurukwa na akili. Sauti yangu ilipoanza kukwaruza walinicheka, nami nikacheka. Barua ya ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo huandikisha watu, ilipokuja na namba yangu mpya ya kitambulisho, ya mwanamume, niliibusu mbele yao, na sidhani kama barua ya ofisi ile iliwahi kubusiwa na mtu. Nawapenda. Lakini nikifa leo watatuma maua mazuri, basi. Hakuna atakayekuja na sufuria la pilau bila kuombwa. Nilihitaji watu wa maua na watu wa sufuria pia.

Kikao cha mwisho kilifanyika sebuleni kwa anti. Nilikaa karibu na mlango, tayari kuondoka. Mwenyekiti, Mtanzania mpole, akasoma orodha tena, kisha akaeleza jinsi jeneza litakavyoshushwa kaburini kwa kamba.

“Kamba za upande wa kichwani ni za watoto wa marehemu,” alisema. “Kwa vile mzee hakujaliwa, upande wa kulia nitashika mimi, na wa kushoto katibu.”

Anti aliweka kikombe chini.

“Ya kulia atashika baba huyu,” akasema, akinielekeza kwa kidevu.

Kwetu mama humwita hivyo mtoto wake wa kiume. Mwenyekiti alikohoa. “Mama, naomba radhi, lakini watu watasema.”

“Si wanasema tayari? Mimi mwenyewe nimesema sana, na mzee alinisikia. Andika.”

Mwenyekiti akaandika. Mimi sikuweza kuinua uso, kwa furaha na kwa uchungu, maana mzee hakuwahi kumsikia anti akiniita hivyo.

Siku ya mazishi theluji ilikuwa nyembamba na udongo mgumu. Mhudumu wa makaburi alituonyesha mahali pa kusimama. Nilivua glavu ili nishike vizuri. Niliogopa kwamba nikiteleza watu watasema hawakushangaa. Katibu, ambaye hakuwa amenisalimia tangu asubuhi, alinitazama ng'ambo ya kaburi na kuninong'oneza, “Pamoja, ndugu. Polepole.”

Tukaziachia kamba kidogo kidogo, nami nikamshusha baba yangu.